Tawi la Krismasi Lisitupwe Kabla Koni Hazijafunguka

Katika nyanda za juu za Tarime, Krismasi haiji bila msaiprasi. Ifikapo wiki ya tatu ya mwezi wa Desemba panga hunolewa, na vijana hutumwa kwenda kukata tawi, na mara nyingine kilele kizima, katika miti iliyopandwa kuzunguka miji ya watu, shule na makanisa. Kata ya Nyanungu, iliyo upande wa wilaya hiyo unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, haiko nje ya desturi hii. Tawi husimamishwa katika ndoo ya mchanga, hupambwa kwa pamba na karatasi za rangi, na kwa muda wa siku kumi hivi huwa ndilo pambo kuu la sebule. Baada ya Mwaka Mpya pamba huondolewa, tawi hutupwa nyuma ya nyumba au huingizwa jikoni kuwa kuni, na habari zake huishia hapo.

Makala haya yanakusudia kutoa hoja moja tu: kwamba siku tunayolitupa tawi hilo ndiyo siku linapoanza kuwa na faida kwa elimu yetu. Juu yake mna koni, na koni hufunguka zinapokauka, yaani baada ya sikukuu kwisha. Mwenye kusubiri wiki tatu au nne zaidi ataliona kwa macho yake jambo ambalo wanafunzi wetu wa kidato cha tatu hulikariri kitabuni bila kuliona. Na mwenye kusubiri miaka miwili, akiuchunguza mti wenyewe badala ya tawi lililokatwa, atakuwa amefanya kazi ya kisayansi iliyo kamili.

Kwanza inafaa tueleze koni ni kitu gani. Mimea mingi tunayoijua, kama vile mahindi, mhogo, mwembe na maharage, hutoa maua, na mbegu zake hukua ndani ya tunda. Lipo kundi jingine, la zamani zaidi, ambalo halina maua wala matunda. Mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba, na magamba hayo hujikusanya pamoja yakawa kama bumba gumu. Bumba hilo ndilo koni. Mimea ya kundi hilo imekuwapo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 300, yaani ilikuwapo kabla ya ua la kwanza kuchanua. Leo zimebaki aina zipatazo 600 hivi tu, ilhali aina za mimea ya maua ni mamia ya maelfu. Hivyo basi mtoto anayeshika koni ya msaiprasi mkononi anashika mfano wa jinsi mimea ilivyozaa mbegu kabla ya kuwapo maua.

Msaiprasi wenyewe si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Meksiko na Guatemala. Jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, maana yake ni msaiprasi wa Ureno, kwa sababu mtaalamu Philip Miller, aliyeuandika mwaka 1768, aliufahamu kutokana na miti iliyokuwa imepandwa Ureno. Jina hilo lenyewe ni fundisho: mti unaweza kubeba jina la mahali ambapo si kwao, na jina hilo likadumu zaidi ya karne mbili. Ulipoletwa Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulistawi vizuri katika nchi za juu zenye baridi, na leo ni miongoni mwa miti muhimu ya mbao katika mashamba ya serikali ya Kilimanjaro, Meru na Shume huko Lushoto. Katika vijiji umekuwa ua wa mji, kizuizi cha upepo, nguzo, mbao, na kila Desemba, mti wa Krismasi.

Sasa tulitazame tawi. Tawi la msaiprasi lililokatwa katika mti mzima aghalabu huwa na vizazi kadhaa kwa pamoja, na mtu anaweza kulisoma kama anavyosoma kalenda. Kwenye ncha za vijiti vidogo mna vibumba vya rangi ya manjano, vyenye ukubwa wa punje ya mchele au chini yake. Hizo ni koni dume. Zikiwa zimekomaa, ukizigonga kwa kidole hutoa vumbi jembamba. Vumbi hilo ndilo chavua, na huchukuliwa na upepo, si na nyuki. Mahali pengine juu ya tawi hilo hilo mna vifundo vidogo vya kijani vilivyofunikwa na unga wa kijivujivu. Hizo ni koni jike zilizo changa. Ndani zaidi, karibu na mahali tawi lilipokatwa, mna koni kubwa kiasi cha gololi, zenye upana wa sentimeta moja hadi mbili, rangi ya kahawia. Hizo zimekomaa. Tangu chavua ilipoiangukia koni jike hadi mbegu zikomae hupita karibu miaka miwili. Kwa hiyo koni ya kahawia inayoonekana Krismasi hii ilikuwa tayari juu ya mti Krismasi iliyopita, wakati ule ikiwa bado kifundo cha kijani.

Magamba ya koni hii si mengi, kwa kawaida sita hadi manane, na kila gamba lina umbo la ngao ndogo yenye ncha katikati. Yamepangwa mawili mawili, jozi moja ikikingama na nyingine. Maadamu koni inapata maji kutoka katika mti, magamba hushikana barabara. Tawi likikatwa, maji hukoma, magamba hunyauka na kujitenga, na mbegu zenye mabawa membamba hutoka. Hilo hutokea lini? Hapa ndipo uchunguzi unapoanza, kwa maana jibu hutegemea ukomavu wa koni, joto la nyumba na unyevu wa hewa, na hapana kitabu kinachoweza kutaja siku yenyewe kwa nyumba yako. Mtoto ndiye atakayeitaja.

Vifaa vinavyotakiwa ni kitambaa cheupe au gazeti la kutandika chini ya tawi, daftari na kalamu. Mara baada ya Mwaka Mpya tawi litolewe sebuleni likawekwe barazani, mahali pakavu, mbali na moto, kwa kuwa msaiprasi uliokauka una utomvu unaoshika moto upesi mno, na haufai kukaa karibu na koroboi, mshumaa au jiko. Kisha kila siku kwa saa ile ile mtoto aandike: ni koni ngapi zimefunguka, ni mbegu ngapi zimeanguka, na je, mvua imenyesha au jua limewaka. Achague pia koni chache zilizokuwa za kijani wakati wa kukata, aone kama zitafunguka, na kama zikifunguka, mbegu zake zikoje. Baada ya mwezi mmoja atakuwa na jedwali lake mwenyewe, lisilonakiliwa popote.

Baadhi ya mbegu hizo zipandwe katika kopo lenye udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, kivulini. Mbegu za msaiprasi aghalabu huchukua wiki mbili hadi nne kuota. Mtoto asivunjike moyo akiona kwamba akipanda hamsini zinaota chache. Mbegu nyingi za mti huu huwa tupu ndani, na kuhesabu zilizoota katika mia ndiyo kazi ile ile inayofanywa na wataalamu wa mbegu za miti kabla ya kuwauzia wakulima. Tena atazame majani ya mche unaochipua: mwanzoni huwa membamba kama sindano, na baadaye ndipo huja yale yaliyo kama magamba, tunayoyajua kwenye mti mkubwa.

Yamkini msomaji atauliza kama mambo haya hayakufanywa zamani huko ulikotoka mti wa Krismasi. Desturi ya kuweka mti nyumbani ilianzia katika nchi za Wajerumani, ikaenea Ulaya nzima katika karne ya kumi na tisa, na kwetu ililetwa na wamisionari. Lakini katika jambo hili mtoto wa Nyanungu ana nafasi kubwa kuliko mtoto wa London au Berlin. Miti inayouzwa Ulaya hukatwa ikiwa ingali michanga, ya miaka saba hadi kumi hivi, na mti wa umri huo kwa kawaida haujaanza kuzaa koni. Aliyepata kuishi huko mwezi wa Januari ameona miti imelundikwa kando ya barabara ikingoja gari la taka, na juu yake hamna koni hata moja, isipokuwa zile za kununuliwa dukani zilizofungwa kwa waya. Sisi hatukati mti mchanga. Tunakata tawi la mti mzima, nalo huja na koni zake. Umaskini wetu wa mapambo umetupa utajiri wa kielelezo, na utajiri huo ndio tunaoutia jikoni.

Wenzetu nao wanaijua thamani ya koni, ila wanaijua kibiashara. Mti unaopendwa zaidi katika sebule za Ulaya siku hizi ni ule uitwao Nordmann, ambao asili yake ni milima ya Kaukasi na Uturuki. Mashamba makubwa ya miti hiyo yako Denmark na Ujerumani, lakini sehemu kubwa ya mbegu hutoka katika misitu ya Georgia, hasa wilaya ya Ambrolauri. Koni za mti huo hazianguki nzima. Zikikomaa hubomoka zingali juu, magamba na mbegu vikapeperuka. Kwa sababu hiyo hazina budi kuchumwa kabla ya kubomoka, na kila mwaka, karibu na mwezi wa Septemba, wapo watu wanaopanda miti mirefu sana, kwa hatari ya maisha yao, ili kuzichuma. Mwenye shamba wa Denmark hutajirika kwa sababu mtu fulani alichunguza kwa uangalifu wiki gani koni huwa imekomaa na bado haijabomoka. Ujuzi wa wiki moja tu katika mwaka mzima ndio uliosimamisha biashara nzima. Je, kwetu ni nani anayejua kwa hakika ni mwezi gani koni za msaiprasi wa Tarime hukomaa kwa wingi, ikiwa hakuna aliyezitazama?

Koni ya msindano, mti ambao wengine huuita mpaini, inafundisha jambo jingine. Ukiiokota koni ya msindano iliyofunguka, hata kama imekaa kabatini miaka mingi, ukaitia ndani ya bakuli la maji, magamba yake yatajifunga polepole mbele ya macho yako. Ukiianika juani yatafunguka tena. Koni hiyo imekufa. Haina uhai hata kidogo, na bado inatenda kazi. Wanasayansi watatu, Dawson, Vincent na Rocca, walieleza sababu yake mwaka 1997 katika jarida la Nature: gamba lina tabaka mbili, na nyuzinyuzi za tabaka ya nje zimelala kwa namna inayoifanya irefuke sana inapolowa, lakini ile ya ndani hairefuki sana. Tabaka ya nje ikirefuka, gamba hupinda kuelekea ndani na koni hujifunga. Ikikauka, hupinda kuelekea nje. Hivyo mbegu hutoka siku kavu ambayo upepo unaweza kuzichukua mbali, na hubaki ndani siku ya mvua. Kutokana na elimu hiyo wahandisi wa nchi mbalimbali wamejaribu kubuni vitambaa na vifuniko vya madirisha vinavyofunguka na kujifunga kwa unyevu, bila umeme. Koni hiyo hiyo ikishikwa chini juu, mtoto anaweza kuhesabu mistari ya magamba inayozunguka kulia na ile inayozunguka kushoto. Aghalabu atapata 8 na 13, au 5 na 8. Mwalimu wa hisabati atajua la kufanya na namba hizo.

Hapana budi pia kufundisha kutofautisha. Huko pwani mvinje wa ufukoni una vijiti vyembamba vya kijani vinavyofanana na sindano na vibumba vigumu vinavyofanana kabisa na koni, lakini si koni. Mvinje ni mti wa maua, na vibumba hivyo ni mkusanyiko wa matunda madogo. Kinyume chake, mwangati wa milima yetu ya kaskazini, ambao ni mwenyeji halisi wa Afrika na jamaa wa karibu wa msaiprasi, una vitu vidogo vya rangi ya samawati iliyokoza, laini, ambavyo mtu yeyote angeviita matunda. Hizo ndizo koni zake. Magamba yameungana yakawa nyama, hayafunguki kwa jua, na mbegu zake husambazwa na ndege wanaozila. Kwa hiyo kinachofanana na koni huenda kisiwe koni, na kisichofanana nayo huenda kikawa ndiyo. Mtu aliyejifunza hivyo kwa mikono yake hatakuwa mwepesi wa kuamini umbo la nje katika mambo mengine.

Kuna sababu nyingine, ya kiuchumi, ya kututaka tuitazame miti hii kwa karibu kila mwaka. Mwaka 1986 nchini Malawi walionekana vidukari wageni wanaofyonza maji ya misaiprasi. Katika muda wa miaka michache walikuwa wamefika Tanzania, na mwaka 1990 walikuwa Kenya. Miti mingi sana ilikauka katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na mwangati wetu nao haukusalimika. Kwa miaka kadhaa wataalamu walidhani kwamba ni vidukari wa aina iliyokuwa ikijulikana tangu zamani huko Ulaya, mpaka mwaka 1999 walipothibitisha kwamba ni aina ya pekee, wakaipa jina la Cinara cupressivora, maana yake mla msaiprasi. Njia iliyotumika kupambana nao ni kuleta nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai lake ndani ya kidukari, naye aliachiliwa Malawi mwaka 1994 na baadaye katika nchi nyingine.

Dalili za vidukari hao hazihitaji hadubini. Majani huanza kuwa ya kahawia upande wa ndani wa mti kabla ya ncha, matawi huwa na utando mweusi kama masizi, na sisimizi huwa wengi wakifuata maji matamu yanayotolewa na wadudu hao. Mtoto aliyezoea kuhesabu koni za mti ule ule kila Januari ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuona utando huo. Afisa misitu mmoja hawezi kuukagua kila ua wa msaiprasi uliopo Tarime. Watoto wa shule wanaweza.

Yapo mapingamizi ambayo ni haki kuyajibu. La kwanza ni kwamba msaiprasi ni mti wa kigeni, hunywa maji mengi, na chini yake hapaoti kitu, hivyo haifai kuutukuza. Kwa sehemu pingamizi hili ni kweli. Haufai kupandwa kwenye chemchemi wala kando ya vijito vinavyoelekea Mto Mara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Lakini mti uliokwisha pandwa kwenye uwanja wa shule upo, na kuukataa kwa mdomo huku tukiukata kilele kila Desemba hakumsaidii mtu. Kuuchunguza si kuutukuza. Anayetaka kuubadilisha kwa mti wa asili naye anahitaji kwanza kujua jinsi unavyozaa na mbegu zake zinavyokwenda.

Pingamizi la pili ni la walimu. Watasema kwamba shule haina maabara, darasa moja lina wanafunzi wengi kupita kiasi, na mtihani hauulizi koni zilifunguka siku gani. Malalamiko hayo ni ya haki, na uchunguzi wa tawi barazani usichukuliwe kuwa kisingizio cha kuziacha shule bila maabara. Maabara zijengwe. Hata hivyo tuseme kweli: zipo shule zenye maabara nzuri ambazo wanafunzi wake hawajapata kuangalia kitu kimoja kwa siku thelathini mfululizo na kuandika wanachokiona. Tabia hiyo hainunuliwi pamoja na vifaa. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alilaumu elimu inayowafanya vijana wadhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa watu waliosoma sana. Zaidi ya nusu karne imepita, na katika vidato vyetu kundi la mimea ya koni bado hufundishwa kwa mchoro wa ubaoni, ilhali nje ya dirisha umesimama msaiprasi wenye koni mia.

Pingamizi la tatu hutoka mijini. Watu wa huko husema kwamba siku hizi mti wa plastiki hununuliwa mara moja na kutumika miaka kumi, hivyo misitu husalimika. Ni hesabu nzuri kwa mfuko wa mwenye nyumba. Lakini mti wa plastiki hauna cha kumwonyesha mtoto Januari isipokuwa boksi lake. Tena, kukata tawi moja la pembeni hakuudhuru msaiprasi mzima. Kinachoudhuru ni kukata kilele. Mti uliokatwa kilele huchipua vilele viwili au vitatu vinavyoshindana, shina hupinda, na mbao yake hupungua thamani. Mwenye mti akingoja miaka ishirini na zaidi apate mbao, hasara hiyo iliyofanywa kwa dakika moja ya sikukuu hailipiki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe hii: tawi la pembeni, tena kwa ruhusa ya mwenye mti, kilele kamwe.

Iliyo bora zaidi ni kuwa na mti wa Krismasi ulio hai. Mche wa msaiprasi au wa mwangati uliopandwa katika kopo kubwa au ndoo kuukuu unaweza kuingizwa sebuleni kwa siku chache za sikukuu na kutolewa tena nje. Katika Mkoa wa Mara mvua za vuli huwa zinakwisha wakati huo, na Januari na Februari huwa na jua. Basi usipandwe ardhini mara moja. Ukae kwenye kopo, umwagiliwe, upate jua la asubuhi, na ungoje masika. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili, nayo ni siku inayofaa kabisa kwa mche huo kuingia shimoni, mbali na nyumba na mbali na chanzo cha maji. Msaiprasi huanza kuzaa koni ukiwa na umri wa miaka sita hadi tisa hivi. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeupanda ataziona koni zake za kwanza akiwa anamaliza shule ya msingi au yuko sekondari, wakati ule ule atakapotakiwa kuandika katika karatasi ya mtihani maana ya neno koni.

Kwa shule zilizo na mti mkubwa tayari, napendekeza jambo rahisi. Kila Januari darasa moja lichague koni ishirini changa kwenye matawi ya chini na kuzifunga uzi wa rangi, mwaka huu mwekundu, mwaka ujao wa samawati. Kila mwezi zipimwe upana kwa rula na rangi yake iandikwe. Zitakazoanguka, zitakazoliwa na wadudu na zitakazokomaa zote ziandikwe. Baada ya Krismasi mbili darasa hilo litakuwa na kumbukumbu ya maisha ya koni tangu ujana hadi kufunguka, na daftari litarithiwa na darasa linalofuata. Shule kumi za Tarime na Serengeti zikifanya hivyo kwa miaka mitano, na wenzao wa Lushoto, Rombo na Mufindi wakafanya vivyo hivyo, taifa litapata takwimu za majira ya mbegu za miti ambazo hata chuo kikuu hakiwezi kuzikusanya kwa mafungu kilichonacho. Taarifa kama hii yetu ingeweza kuzichapisha kila mwaka, pamoja na majina ya shule zilizozileta. Gharama yake ni uzi, rula na daftari.

Sayansi hukua mahali ambapo mtu ameruhusiwa kukaa na kitu hadi kimalize kusema. Sikukuu ina siku zake na mapambo yana siku zake, lakini koni haijui tarehe 25 Desemba wala tarehe 1 Januari. Hufunguka inapokauka. Wazazi wa Nyanungu na kwingineko wanaombwa Januari hii waseme jambo moja tu kwa watoto wao pindi pamba inapoondolewa kwenye tawi: lipelekeni barazani, tandikeni gazeti chini yake, na mtuambie kila jioni mmeona nini.